Sera ya nje hubadilika lini? Jibu kwa mwalimu wa Mbagala

SWALI: "Mimi ni mwalimu wa Uraia katika shule moja ya sekondari hapa Mbagala, Dar es Salaam. Nilipokuwa nafundisha mada ya demokrasia, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: kama wananchi ndio wenye serikali, mbona nchi za kidemokrasia zinabadilisha vyama na viongozi, lakini vita vyao, kambi zao za jeshi na marafiki zao wa nje wanabaki wale wale? Halafu siku moja, bila uchaguzi wowote, nchi inageuka ghafla, kama Ujerumani mwaka 2022. Nani hasa anaamua? Na sisi Watanzania tunaingia wapi hapo? Nilimjibu kwa kifupi, lakini sikuridhika na jibu langu."

JIBU: Mwalimu, pole na kazi. Mfikishie mwanafunzi wako pongezi zangu, maana ameshika jambo ambalo watu wazima wengi hulipita. Nitaanza na jibu lenyewe, kisha nieleze kwa nini nalishikilia.

Katika nchi ya kidemokrasia, sera ya nje na ya ulinzi haibadiliki siku chama kipya kinapoapishwa, wala siku kiongozi anapotoa hotuba nzito. Hubadilika siku wale waliokuwa wakiipinga wanapoacha kuahidi kuifuta. Kabla ya siku hiyo, kilichopo ni uamuzi wa serikali moja tu, na serikali inayofuata inaweza kuuchana. Kwa hiyo anayetaka kujua kama nchi imegeuka kweli asihangaike sana na walioshinda uchaguzi. Awatazame walioshindwa, asikilize wanasema nini.

Sasa, kwa nini kubadilisha chama hakubadilishi mambo? Sababu ya kwanza ni kwamba wapiga kura wengi, Ulaya kama ilivyo Temeke, huenda kupiga kura wakifikiria bei ya chakula, kodi, ajira na hospitali. Mambo ya nje huwa mbali na foleni ya kituo cha kupigia kura. Sababu ya pili ni kwamba serikali mpya hairithi karatasi tupu. Inarithi mikataba iliyosainiwa, kambi zilizojengwa, ndege za kivita zitakazotumika miaka 30, na maofisa wa wizara waliokuwepo kabla ya waziri na watakaobaki baada yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Yukio Hatoyama wa Japani. Agosti 2009 chama chake kilikiangusha chama cha Liberal Democratic, kilichokuwa kimetawala karibu muda wote tangu 1955. Ulikuwa ushindi mkubwa. Kati ya ahadi zake ilikuwamo ya kuiondoa Okinawa kambi ya wanamaji wa Marekani ya Futenma, iliyobanwa katikati ya makazi ya watu. Wakazi wa kisiwa kile walimwamini. Alipoingia ofisini akakuta makubaliano na Marekani yaliyoanza 1996, yanayotaka kambi ihamie Henoko, palepale Okinawa. Washington haikutaka kuanza upya, mikoa mingine ya Japani haikutaka kuipokea kambi, na wizara zake mwenyewe hazikuwa na njia mbadala. Mei 2010 akarudi kwenye mpango wa zamani. Chama kidogo alichoshirikiana nacho serikalini kikajitoa, na Juni akajiuzulu, ikiwa ni miezi tisa hivi tangu aapishwe. Kura zilikuwa nyingi mno, lakini hakuna aliyewahi kujadiliana kwa kina na wale ambao bila idhini yao kambi isingesogea hata hatua moja.

Hapo mwanafunzi wako anaweza kusema: basi kura hazina maana. Zina maana, ila zinafanya kazi polepole, na Ujerumani ndiyo inayoonyesha vizuri. Mageuzi yale ya 2022, ilipoamua kuliimarisha jeshi lake baada ya Urusi kuivamia Ukraine, yanasemwa kuwa ya siku tatu, lakini yalikuwa yameiva kwa miaka 30.

Baada ya 1945 Ujerumani Magharibi ilikaa miaka kumi bila jeshi. Jeshi jipya liliundwa 1955, mwaka uleule nchi hiyo ilipojiunga na NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, kwa kazi ya kulinda ardhi yake na ya washirika wake. Kumpeleka askari wa Kijerumani kupigana mbali lilikuwa jambo ambalo hata wanasiasa wa kulia waliamini Katiba hailiruhusu. Vita Baridi vilipokwisha, serikali ya Kansela Helmut Kohl ikaanza kusogea kidogo kidogo. Mwaka 1992 ilipeleka madaktari wa jeshi Phnom Penh, Kambodia. Mwaka 1993 ikapeleka wanajeshi Somalia chini ya Umoja wa Mataifa. Mwaka huohuo ikaruhusu askari wake wawemo katika ndege za upelelezi za NATO juu ya Bosnia. Upinzani ukaenda mahakamani. Cha kushangaza zaidi, chama cha Free Democratic, kilichokuwa ndani ya serikali hiyohiyo, nacho kikaenda mahakamani kutaka ufafanuzi.

Tarehe 12 Julai 1994 Mahakama ya Katiba ya Karlsruhe ikatoa hukumu ambayo kwangu ina uzito kuliko hotuba zote za viongozi. Ilisema jeshi linaweza kwenda nje pamoja na umoja kama NATO au Umoja wa Mataifa, lakini Bunge, yaani Bundestag, lazima likubali kwanza. Hukumu hiyo ilifunga mjadala wa "je, inaruhusiwa?" na kuacha mwingine wazi: "je, safari hii tunakubali?" Tangu hapo desturi imekuwa kwamba wabunge wanatoa kibali chenye muda, mara nyingi miezi 12, na muda ukiisha serikali inarudi kuomba upya. Mpinzani anapata nafasi ya kusema hapana kila mwaka, na mwenye kuunga mkono naye analazimika kueleza sababu kila mwaka.

Kisha ikaja Kosovo, jimbo la Yugoslavia ambako Waalbania walikuwa wakiuawa na kufukuzwa makwao. Septemba 1998 Kohl alishindwa. Walioshinda walikuwa Gerhard Schröder wa Social Democratic pamoja na Chama cha Kijani, chama kilichozaliwa na harakati za mazingira, za amani na za kupinga nyuklia. Tarehe 16 Oktoba, kabla hata hawajaapishwa, Bunge la zamani liliitwa kupiga kura kuhusu kushiriki mashambulizi ya NATO dhidi ya Yugoslavia, nao wakaunga mkono. Machi 1999 ndege za Ujerumani zikaingia vitani kwa mara ya kwanza tangu 1945, zikiwa chini ya serikali ya watu ambao miaka kumi nyuma wangelala barabarani kuzizuia.

Tarehe 13 Mei 1999 Chama cha Kijani kilifanya mkutano maalumu katika jiji la Bielefeld. Ukumbini kulikuwa na filimbi, mabango na kelele za "wauaji". Joschka Fischer, Waziri wa Mambo ya Nje na kiongozi wao, alipigwa sikioni na mfuko wa rangi nyekundu, kiwambo cha sikio kikaumia. Akapanda jukwaani, rangi ikiwa bado kwenye koti lake, akawaambia wenzake kwamba yeye alilelewa na mafundisho mawili: vita visirudi tena, na mauaji ya halaiki kama ya Auschwitz, kambi ya Wanazi, yasirudi tena, na sasa mafundisho hayo mawili yamegongana. Wajumbe wengi walikataa azimio la kutaka mashambulizi yakome moja kwa moja. Walipitisha lingine, la kuomba yasitishwe kwa muda.

Nimekueleza kisa hicho kwa urefu kwa sababu pale ndipo sera ya Ujerumani ilipogeuka. Kama ni chama cha Kohl kilichopeleka ndege zile, Wakijani na wanachama wengi wa Social Democratic wangejaa mitaani, na uchaguzi uliofuata ungekuwa kura ya maoni kuhusu vita. Kwa kuwa waliobeba mzigo ni wapinga vita wenyewe, hakubaki chama kikubwa cha kuahidi kurudi nyuma. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Novemba 2001, Schröder aliunganisha kura ya kupeleka askari katika vita vya Afghanistan na kura ya imani kwa serikali yake. Alihitaji kura 334. Alipata 336. Askari wa Kijerumani walikaa Afghanistan hadi 2021, na 59 kati yao walifia kwenye kazi hiyo.

Usidhani kuanzia hapo Ujerumani ilikuwa inafuata tu. Schröder huyohuyo alikataa vita vya Iraq na akashinda uchaguzi wa Septemba 2002 akiwa na msimamo huo. Mwaka 2011 Ujerumani haikuunga mkono azimio la Baraza la Usalama kuhusu Libya. Kugeuka kwa sera hakuna maana ya kusema ndiyo kila mara. Maana yake ni kwamba swali lililokuwa mwiko sasa linajadiliwa kama swali la kawaida.

Ndiyo maana Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, Kansela Olaf Scholz aliweza kusimama Bungeni Jumapili ya tarehe 27 na kutangaza mfuko maalumu wa euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi. Yeye ni wa Social Democratic, na serikali yake iliwashirikisha Wakijani. Mwalimu, hapa mwonyeshe mwanafunzi wako jambo ambalo magazeti yalilipita haraka: mfuko ule ulihitaji kubadilisha Katiba, na kubadilisha Katiba kunahitaji theluthi mbili. Serikali haikuwa nazo. Ilibidi wapinzani, Christian Democratic, chama kile cha Kohl, wapige kura pamoja nayo, nao wakafanya hivyo Juni 2022. Miaka mitatu baadaye mambo yakajirudia kwa namna nyingine. Baada ya uchaguzi wa Februari 2025, Bunge la zamani ndilo lililoitwa tarehe 18 Machi kulegeza masharti ya Katiba kuhusu mikopo kwa ajili ya ulinzi, kwa sababu katika Bunge jipya theluthi mbili zisingepatikana kirahisi. Mara mbili, 1998 na 2025, Wajerumani wametumia siku za mwisho za Bunge linaloondoka kufanya uamuzi mkubwa wa kijeshi. Ni halali kisheria. Lakini mimi napata shida nalo, maana wananchi wanakuwa wameshasema wanamtaka nani, na uamuzi unafanywa na wale waliotangulia.

Japani imepita njia ileile kwa mwendo mwingine, na nitaitaja kwa sababu ya mtu mmoja. Ibara ya 9 ya Katiba yao, iliyoanza kutumika Mei 1947, inakataa vita na inakataa kuwa na majeshi. Mwaka 1954 wakaunda kikosi walichokiita cha kujilinda. Kwa miaka 40 Chama cha Kisoshalisti, ambacho ndicho kilikuwa upinzani mkuu, kilisema kikosi hicho kinavunja Katiba. Katika vita vya Ghuba vya 1991 Japani ilichanga dola bilioni 13, na bado ikalaumiwa kwamba haikupeleka mtu; aibu ile ikawasha mjadala. Juni 1992 Bunge lilipotaka kupitisha sheria ya kuruhusu askari kwenda kulinda amani, Wasoshalisti walitembea kwenda kwenye sanduku la kura kwa hatua ndogondogo, kila mmoja akichukua muda mrefu iwezekanavyo, ili usiku upite sheria haijapita. Huo ni mtindo wa siku nyingi wa Bunge lao, wanauita mwendo wa ng'ombe. Sheria ikapita, na mwaka huohuo askari wa Kijapani wakatua Kambodia.

Halafu siasa zikageuka. Mwisho wa Juni 1994 vyama viligawanyika hadi kiongozi wa Wasoshalisti, Tomiichi Murayama, akawa Waziri Mkuu katika serikali ya mseto na mahasimu wake wa zamani. Sasa yeye ndiye mkuu wa kikosi ambacho chama chake kilisema si halali. Tarehe 20 Julai 1994 alisimama Bungeni akatamka kwamba kikosi hicho kinakubaliana na Katiba na kwamba mkataba wa usalama na Marekani utaendelea. Kwa dakika chache tu, hoja iliyogawanya nchi kwa miaka 40 ikafungwa na mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kuifunga. Chama chake kililipa. Wabunge wengi walihama, na katika uchaguzi wa Oktoba 1996 kiliambulia viti 15 kati ya 500. Yaliyofuata Japani, yaani tafsiri mpya ya Ibara ya 9 mwaka 2014, sheria za usalama za 2015 zilizojaza waandamanaji mbele ya Bunge, na uamuzi wa Desemba 2022 wa kupandisha matumizi ya ulinzi kufikia asilimia 2 ya pato la taifa ifikapo 2027, yote yamejengwa juu ya dakika zile za Murayama.

Mifano mingine nitaipita upesi. Uingereza ilitangaza Januari 1968, chini ya Harold Wilson wa Labour, kwamba itaondoa majeshi yake mashariki ya Mfereji wa Suez, yaani Asia na Ghuba ya Uajemi, ikisukumwa na uchumi uliodorora baada ya pauni kushushwa thamani Novemba 1967. Wapinzani wao, Conservative, walipiga kelele, wakashinda uchaguzi wa 1970, kisha wakaacha mengi yaendelee. Majeshi yakaondoka Ghuba ya Uajemi mwisho wa 1971. Uswidi, msimu wa vuli wa 2021, ilikuwa na waziri wa ulinzi wa Social Democratic aliyesema chama chake hakitaipeleka nchi NATO kamwe kikiwa madarakani. Mei 2022 chama hichohicho kikapeleka maombi. Ikaingia tarehe 7 Machi 2024 chini ya serikali ya wapinzani wao. Finland nayo iliamua kuomba kuingia NATO kwa kura 188 kwa 8 Bungeni.

Linganisha na mabadiliko ambayo hayakupitia kwa wapinzani. Barack Obama alifikia makubaliano ya nyuklia na Iran Julai 2015 bila kuyapeleka Seneti kama mkataba, kwa sababu alijua Republican wangeyakataa. Tarehe 8 Mei 2018 Donald Trump akajitoa kwa saini yake. Mkataba wa Paris wa tabianchi, Marekani imeingia na kutoka kwa namna hiyohiyo. Ukiona sera inafutwa kwa kalamu, ujue iliwekwa kwa kalamu.

Mwanafunzi wako makini ataniuliza: na matukio je? Si ni matukio ndiyo yanabadilisha kila kitu? Tukio hufungua mlango, lakini halisemi upite kwenda wapi. Milipuko ya Madrid ya tarehe 11 Machi 2004 iliua zaidi ya watu 190, siku tatu kabla ya uchaguzi, na Hispania ikawaondoa askari wake Iraq. Shambulio la 11 Septemba 2001 liliipeleka Marekani upande wa pili kabisa, kwenye vita vya miaka 20.

Tena sisi wa Dar tunao mfano wetu, na unauma. Tarehe 7 Agosti 1998 lori lenye mabomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, Oysterbay, asubuhi ileile ya mlipuko wa Nairobi. Hapa walifariki watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Nairobi walifariki zaidi ya 200, Wamarekani wakiwa 12. Adui, al-Qaeda, alikuwa yuleyule wa 2001. Bill Clinton alirusha makombora Afghanistan na Sudan tarehe 20 Agosti, balozi zikaanza kujengwa mbali na barabara na kuzungushiwa kuta nene, kama huo wa sasa wa Msasani, na sera kubwa ikabaki pale pale. Haikuhitaji uchunguzi mgumu kujua sababu. Waliokufa Dar na Nairobi hawakuwa wapiga kura wa Ohio. Nalisema hili kwa uchungu, lakini ni sehemu ya jibu: demokrasia husikia kwanza maumivu ya watu wake.

Kuna tahadhari moja lazima niitoe, nisije nikaonekana nasifu kila mwafaka. Upinzani ukikubali bila kubishana, hakuna kilichokubaliwa. Agosti 1964 Bunge la Marekani lilimpa Rais Lyndon Johnson idhini ya kutumia jeshi Vietnam kwa kura 416 kwa 0 katika Baraza la Wawakilishi na 88 kwa 2 katika Seneti. Mjadala ulikuwa mfupi mno, na taarifa walizopewa wabunge za shambulio la pili dhidi ya meli za Marekani katika Ghuba ya Tonkin hazikuwa sahihi. Azimio lile likafutwa mwanzoni mwa 1971, na mwaka 1973 wabunge wakapitisha sheria ya kumbana rais kuhusu vita, wakishinda hata kura ya turufu ya Richard Nixon. Ndiyo maana nathamini ukumbi ule wa Bielefeld wenye filimbi na rangi kuliko Bunge lenye kura 416 kwa 0. Kelele zile zilikuwa kazi ya demokrasia ikifanyika.

Tuje nyumbani. Mwambie mwanafunzi wako akipanda daladala Mwenge kwenda Ubungo yuko Barabara ya Sam Nujoma. Akiendelea kuelekea bandarini anaingia Barabara ya Nelson Mandela, na njiani ataona stesheni ya TAZARA. Hiyo ni sera yetu ya nje na ya usalama ya miaka ya 1960 na 1970, imeandikwa barabarani. Wazungu wachache wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, shaba ya Zambia ikakosa njia salama ya kwenda baharini; ndipo Wachina wakajenga reli ya kilomita 1,860 kutoka hapa hadi Kapiri Mposhi. Desemba 1965 Mwalimu Nyerere alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia hiyohiyo, na tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake makuu hapa Dar tangu 1963.

Wakati ule tulikuwa na chama kimoja, kwa hiyo kipimo changu cha upinzani hakikai sawasawa. Vyama vingi vilirudi 1992, na chama tawala hakijabadilika. Kwa Tanzania, kipimo ninachotumia ni awamu: je, rais anayefuata amekiacha au amekishika alichokikuta? Mwaka 1994 Afrika Kusini ilipiga kura ya watu wote, na kazi ya ukombozi ikafika mwisho wake. Sera ilikuwa imefanikiwa, ikabaki bila kazi. Mwaka 2001, chini ya Rais Mkapa, ikatoka sera mpya iliyoweka mbele diplomasia ya uchumi: masoko, uwekezaji, watalii. Sasa tazama waliofuata. Rais Kikwete alisafiri sana. Rais Magufuli hakuwahi kutoka nje ya Afrika akiwa rais. Rais Samia akazirudisha safari. Watu walijadili safari hizo kana kwamba ndizo sera, lakini waraka wa 2001 ulidumu awamu zote hizo, mpaka toleo la 2024 lilipozinduliwa hapa Dar Mei 2025, nalo likaendelea na uchumi na kuongeza mambo kama Kiswahili na Watanzania waishio nje. Kwa kipimo changu, mwaka 2001 tuligeuka kweli.

Uhusiano wetu na Israel nao unasomeka hivyohivyo. Ulivunjwa 1973, ukarudi 1995, na ubalozi wetu Tel Aviv ukafunguliwa 2018. Hakuna uchaguzi wowote wa miaka hiyo ulioamuliwa na jambo hilo.

Na mwananchi anaingia wapi? Kwa mujibu wa Katiba, njia yake kuu ni mbunge. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Ibara ya 44 inasema rais akitangaza vita, nakala ya tangazo iende kwa Spika, naye aitishe mkutano wa Bunge ndani ya siku 14 ili wabunge wafikirie kupitisha au kutopitisha azimio la kuunga mkono. Angalia tofauti na Ujerumani: kule Bunge linaulizwa kabla, hapa linaulizwa baada. Wenzetu wa Kenya wana msaada wa mahakama pia; Januari 2024 Mahakama Kuu ya Nairobi ilizuia polisi kupelekwa Haiti ingawa Bunge lilishakubali, na serikali ikalazimika kusaini makubaliano na Haiti kabla ya polisi wa kwanza kuondoka Juni mwaka huo.

Mimi binafsi natamani tusogee hatua moja upande wa kulinda amani. Mwaka 2013 askari wetu waliingia Kongo katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopewa ruhusa ya kushambulia waasi, ambalo ni jambo kubwa kuliko ulinzi wa amani uliozoeleka. Desemba 2017 tulipoteza zaidi ya kumi kwa siku moja huko Semuliki. Walikuwa watoto wa watu wa Mbagala, Tarime na Songea. Naamini kazi kama hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama wabunge wa pande zote wangeijadili hadharani na kuipigia kura kabla askari hawajapanda ndege. Askari angeondoka akijua nchi nzima imemtuma, na mpinzani asingebaki na la kusema baadaye kwamba hakuulizwa.

Uwezo huo tunao, tumeshauonyesha. Novemba 2016 serikali ilipeleka Bungeni mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ambao Kenya na Rwanda zilikuwa zimeshausaini. Rais mstaafu Mkapa alikuwa ameupinga wazi. Wabunge wa chama tawala na wa upinzani, ambao kwa kawaida hawakubaliani hata ratiba, wakasimama mmoja baada ya mwingine kuukataa, na Tanzania haikusaini. Mjadala ule umo katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, kwa Kiswahili. Kama muda wa somo unaruhusu, wagawie wanafunzi hotuba mbili, moja ya kila upande, wapigie mstari kila sababu ambayo pande zote mbili zimeitaja. Kisha wakutafutie ni nani, tangu siku ile, amewahi kuahidi kuusaini.